Kijiti cha Muhogo: Safari Yake Mpaka Mashambani Mwetu

Ni nani kati yetu aliyewahi kupanda mbegu ya bugenvilia? Sidhani kama yupo. Ukiona uzio wa maua unaozunguka uwanja wa parokia, ujue ulianza kwa matawi yaliyokatwa kwenye uzio mwingine, yakachomekwa ardhini wakati wa mvua. Hibiskusi hupandwa hivyo hivyo. Hata miwa na viazi vitamu hatuvipandi kwa mbegu. Twakata kipande cha mmea, twakifukia, nacho chaota.

Kazi hii ni ya zamani sana. Mgiriki mmoja, Theophrastus, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika juu ya kupanda mizabibu, mitini na mizeituni kwa matawi yaliyokatwa. Watu wa nchi zile walikuwa wamekwisha kujua kwamba mbegu ya mti mzuri haitoi kila mara mti mzuri, bali tawi lake halidanganyi.

Leo nataka tuangalie historia ya kichaka kimoja tu. Hatukipandi kwa ajili ya maua. Twala mizizi yake, twala na majani yake, nayo twayaita sombe. Umekwisha kukitambua: ni muhogo. Safari yake toka ng'ambo ya bahari mpaka mashambani mwetu ilikuwa ndefu, nayo ina fundisho kwa kila mtu anayemwomba jirani vijiti au anayempa.

Kijiti ni mti uleule

Kwanza tuelewe neno moja, maana historia yote inalifuata.

Mbegu huzaliwa na ua. Katika ua, nguvu za baba na za mama hukutana, na mmea unaotoka katika mbegu ni mtoto. Hufanana na wazazi wake, lakini si sawa nao kabisa. Chukua mbegu kumi za muhogo mmoja, uzipande. Utapata mihogo kumi yenye tabia kumi: mmoja mtamu, mwingine mchungu, mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Kijiti si mtoto. Kijiti ni mti uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Katika shina mna macho, na ndani yake mna chembe hai zinazoweza kutoa matawi mapya. Sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi, iliyo juu hutoa majani. Kwa hiyo ukipanda vijiti mia vya muhogo mmoja, huna watoto mia. Una muhogo mmoja ulio mahali mia.

Jambo hilo lina faida na lina hatari. Faida yake: uzuri wa mmea haupotei. Hatari yake: na ubaya haupotei vilevile. Ugonjwa uliomo ndani ya shina huenda pamoja na kijiti popote kiendapo.

Kwao ni Amerika ya Kusini

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Ndugu zake wa porini huota pembeni mwa msitu mkubwa wa mto Amazon, upande wa kusini, katika nchi ya Brazil na jirani zake. Huko wenyeji waliufuga maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika. Neno la Kifaransa manioc latoka katika lugha ya Watupi wa Brazil.

Toka kusini muhogo ulifika hata Amerika ya Kati. Katika nchi ya El Salvador kuna mahali panapoitwa Joya de Cerén. Yapata miaka 1,400 iliyopita mlima wa moto ulilipuka pale, ukafunika kijiji kwa majivu. Mwaka 2007 wataalamu walichimba shamba lililokuwa chini ya majivu hayo. Mimea ilikuwa imeoza zamani, ikaacha matundu matupu yenye umbo lake. Wakamimina humo plasta laini, wakaingoja ikauke, wakaona umbo la mihogo. Tena waliona kwamba mkulima alikuwa amekwisha kuvuna, akapanda upya kwa kulaza vijiti katika matuta. Mkulima yule hatulijui jina lake, lakini kazi ya mikono yake twaifahamu, kwa maana ni kazi yetu.

Kuvuka bahari

Wareno walifika pwani ya Brazil mwaka 1500. Wakati ule walikuwa wamekwisha kufika kinywani mwa mto Kongo, maana Diogo Cão alifika huko katika miaka ya 1480. Basi merikebu zao zikaanza kwenda na kurudi kati ya pwani hizo mbili.

Tusifiche ukweli: biashara kubwa ya merikebu hizo ilikuwa biashara ya watumwa. Watu wa Kongo na Angola walichukuliwa kwa nguvu kupelekwa mashamba ya miwa ya Brazil. Unga wa muhogo ulikuwa chakula cha safarini, kwa sababu ukikaushwa vizuri haukawii kutumika na hauharibiki upesi. Katika njia hiyo ya machozi, ndani ya karne ya 16, muhogo ulifika Afrika ya Kati upande wa magharibi.

Upande wa mashariki ulipata mihogo baadaye, kwa njia ya bahari ya Hindi. Kisiwani Mauritius, gavana Mfaransa Mahé de La Bourdonnais, aliyeanza kazi yake mwaka 1735, aliileta toka Brazil ili kuwalisha watu wa kisiwa. Hivyo muhogo uliingia Afrika kwa milango miwili, nao ukaanza kutembea kuelekea katikati.

Toka pwani mpaka bara, nani aliuchukua? Si Wareno, maana wengi wao walikaa pwani. Waliouchukua ni Waafrika wenyewe: wachukuzi wa mizigo, wafanya biashara, wanawake walioolewa mbali na kwao, watu waliokimbia vita. Kijiti kimoja kilifungwa katika mzigo, kikatoka kijiji hiki kwenda kile. David Livingstone alipopita nchi ya Walunda mwaka 1854, kati ya Zambia na Angola za leo, alikuta wenyeji wakila ugali wa muhogo kama chakula chao cha kila siku. Alipofika Mzungu wa kwanza, muhogo ulikuwa umemtangulia.

Kwa nini wazee waliupokea

Wazee wetu walikuwa na mtama, ulezi, ndizi na viazi vikuu. Kwa nini basi waliupokea mgeni huyu?

Sababu ya kwanza, muhogo huvumilia udongo uliochoka na jua kali. Sababu ya pili, ghala lake ni ardhi. Mahindi yakikomaa lazima uyavune, uyatie ghalani, uyalinde na panya. Muhogo unaweza kungoja ardhini mwaka mmoja, hata miwili. Nzige wakija watakula majani, lakini mizizi itabaki salama. Adui akichoma nyumba na maghala, hawezi kwa urahisi kuchoma kilichomo ardhini.

Sababu ya tatu watu hawaisemi sana, lakini kwangu ni kubwa kuliko zote. Mwenye mahindi akipata njaa kali hula mbegu zake. Mwaka ufuatao hana cha kupanda. Mwenye muhogo hula mizizi, lakini mzizi wa muhogo hauna macho, hauwezi kuota. Kinachoota ni shina, na shina haliliwi. Basi anayekula muhogo hali mbegu yake. Hata siku ya njaa, baada ya kula chakula chote, vijiti vimebaki mkononi. Ndiyo sababu watu wanaorudi nyumbani baada ya vita, nasi wa Kivu twalijua jambo hili tangu mwaka 1996, kitu cha kwanza wanachoomba kwa jirani ni vijiti vya mihogo.

Lakini kijiti hakisemi. Hakikuweza kuwaambia wazee kwamba mihogo michungu ina sumu. Maarifa ya kuitoa yalipaswa kusafiri pamoja na mmea, au kutafutwa upya. Huko Amazon watu walikuna mizizi, wakaikamua maji yake. Kwetu wanawake huiloweka siku kadhaa mpaka ilainike, ndipo huianika na kuitwanga. Mama anayefupisha siku za kuloweka kwa sababu ya haraka anawaweka watoto wake hatarini.

Mgeni hakuja peke yake

Sasa tufike upande wa pili wa habari.

Mwaka 1894 mtaalamu Mjerumani, Warburg, aliandika juu ya ugonjwa wa mihogo katika nchi iliyo sasa Tanzania. Majani yalikuwa na mabaka ya kijani na ya njano, yamejikunja na kupungua ukubwa. Wataalamu huuita mozaiki. Si wa kutoka Brazil, huko haupo. Ni ugonjwa wa Afrika uliomrukia mgeni. Huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na inzi wadogo weupe huvibeba toka mmea mmoja mpaka mwingine.

Lakini inzi ni mdogo, na safari yake si ndefu sana. Mwenye miguu mirefu ni mwanadamu. Mtu akikata kijiti kwenye muhogo mgonjwa, akamletea ndugu yake aliye mbali kilometa 200, ugonjwa umesafiri kilometa 200 kwa siku mbili. Wala hakufanya kwa nia mbaya. Alitoa zawadi.

Wakati wa ukoloni serikali ya Ubelgiji iliongeza sana mashamba ya mihogo. Tangu mwaka 1917 sheria iliruhusu kuwalazimisha wanakijiji kulima mimea iliyoagizwa, mingine ya kuuza kama pamba, mingine ya chakula. Mwaka 1933 iliundwa INEAC, chama cha utafiti wa kilimo, na kituo chake kikuu cha utafiti kikawa Yangambi, karibu na Kisangani ya leo. Huko, kati ya kazi nyingi, watafiti walichagua mihogo inayozaa vizuri. Kila aina iliyochaguliwa ilitawanywa kwa njia ileile: vijiti.

Ndoa ya Amani

Katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na kituo cha utafiti mahali panapoitwa Amani. Huko, katika miaka ya 1930, Mwingereza H. H. Storey na wenzake walijiuliza: je, tutapata wapi muhogo usioshindwa na mozaiki?

Waliona kwamba vijiti peke yake havitawasaidia. Kwa nini? Kwa sababu kijiti hakileti jambo jipya. Kinarudia mti uleule. Anayetaka jambo jipya arudi kwenye ua na mbegu. Basi walichukua ndugu mmoja wa muhogo, mti wa mpira utokao Brazil, uliopandwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo haufai kuliwa, lakini ni hodari mbele ya mozaiki. Wakauoanisha na muhogo, ua kwa ua. Watoto wa kwanza hawakuwa na mizizi mizuri. Wakawaoanisha tena na muhogo, tena na tena, wakichagua kila mara wenye afya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria. Huko Ibadan kilianzishwa mwaka 1967 kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA. Mtaalamu toka Korea, Sang Ki Hahn, aliyeanza kazi hapo mwaka 1971, aliutumia uzao wa Amani kutengeneza mihogo iliyoenea nchi nyingi za Afrika. Baadhi ya aina mpya zinazolimwa Kongo zina damu ya ndoa ile ya Amani.

Na baada ya kupata muhogo mmoja mzuri, watafiti walirudi kwenye njia ya zamani: wakaukata vijiti. Hapo tuone hesabu yake. Muhogo mmoja uliokomaa hutoa vijiti kama 10. Vijiti hivyo vikipandwa, mwaka ufuatao vitatoa 100, wa tatu 1,000, wa nne 10,000. Hekta moja, ukipanda kwa nafasi ya metro moja kila upande, yataka vijiti 10,000. Basi toka mti mmoja mpaka hekta moja ni miaka minne ya subira. Lakini kumbuka, hesabu hiyohiyo ni hesabu ya ugonjwa.

Mdudu wa mwaka 1973

Katika mwaka 1973 ilijulikana kwamba mdudu mgeni ameingia mashamba ya mihogo pande za Kinshasa na Brazzaville. Ni mdogo, mweupe, kama aliyepakwa unga. Hunyonya ncha za matawi. Majani hujikunja na kufa, sombe hupotea. Tena mashina huwa mafupi na kupinda, hata mkulima hapati kijiti kizuri cha kupanda mwaka unaofuata. Hivyo mdudu huyu alikula chakula cha leo na cha kesho.

Alitoka wapi? Kwao ni Amerika ya Kusini, nako hakuwa akisumbua sana. Wataalamu wanadhani alivuka bahari juu ya vijiti vilivyoletwa bila kukaguliwa vizuri. Mtu mmoja, fungu moja la vijiti, na nchi nyingi zikaingia katika taabu! Ndani ya miaka michache mdudu huyo alienea katika sehemu kubwa ya Afrika inayolima mihogo.

Mtaalamu toka Uswisi, Hans Rudolf Herren, aliyefanya kazi Ibadan, aliwaza hivi: kama huko kwao mdudu hasumbui, lazima ana adui wake huko. Tumtafute adui huyo. Mwaka 1981 mwenzake Anthony Bellotti alimpata mdudu yule nchini Paraguay, na pamoja naye alipatikana nyigu mdogo sana, ambaye hutaga yai lake ndani ya mwili wa mdudu. Mtoto wa nyigu akianguliwa humla mwenyeji wake. Nyigu hao walikaguliwa kwanza kwa uangalifu, wasije wakaleta tauni nyingine, kisha wakaachiliwa Nigeria mwaka huohuo wa 1981, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, Zaire pia, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Pale walipokaa, mashamba yalianza kupona. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Ugonjwa unaojificha

Taabu haikwisha hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mozaiki kali kupita ya zamani ilizuka Uganda. Wataalamu waligundua kwamba virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mimea, vikachanganyika, vikatoa aina mpya yenye nguvu. Wakulima wengi waliacha kabisa kulima mihogo, njaa ikaingia sehemu nyingine. Ugonjwa ukaenea mpaka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Dawa yake ikawa mihogo ya aina mpya, kama ile iitwayo Sawasawa, inayojulikana sana Kivu.

Kisha ukaja ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia. Storey aliuandika tangu mwaka 1936 huko Tanganyika, na kwa muda mrefu ulikaa hasa pande za pwani. Tangu mwaka 2004 ulionekana ukienea Uganda, na mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba wameukuta Kivu ya Kaskazini. Huu ni mwovu kuliko mozaiki kwa sababu hujificha. Majani yaweza kuonekana karibu mazima, shina laonekana zima, mkulima hafikiri neno. Siku ya kuvuna akikata mzizi, akuta ndani yake mna kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia. Hata nguruwe haufurahii.

Nanyi mwaona hatari yake. Mtu akigawa vijiti kabla ya kuvuna, hajui anagawa nini.

Basi tufanyeje?

Wahenga walisema: utavuna ulichopanda. Kwa muhogo neno hili ni kweli kuliko kwa mmea mwingine wowote, kwa maana unachopanda na unachovuna ni mti mmoja. Haya ndiyo niliyoyachagua, nayo hayahitaji fedha:

1. Usingoje siku ya kuvuna ndipo uchague mashina. Mwezi wa tatu mpaka wa sita, majani yangali mengi, tembea shambani. Miti iliyo safi, isiyo na mabaka, ifunge kamba au kitambaa. Wakati wa kukata vijiti utaijua, hata kama majani yameanguka.

2. Katika wiki za kwanza, ng'oa mche wenye mabaka, uutupe mbali. Usiuonee huruma, utaambukiza wenzake.

3. Usikate vijiti kabla ya kuchimba mizizi ya mti uleule na kuikata katikati. Ukiona kahawia ndani, choma mashina yote ya mti huo.

4. Tumia sehemu ya kati ya shina lililokomaa, lenye umri wa miezi 8 mpaka 18. Ncha ni laini, hukauka upesi. Kijiti kiwe na urefu wa sentimeta 20 mpaka 30, chenye macho 5 au zaidi.

5. Kama mvua haijaja, simamisha mashina kivulini, chini yakigusa udongo wenye unyevu. Usiyaache juani.

6. Usilete vijiti toka mbali kwa sababu tu umesikia vinazaa sana. Uliza kwanza watu wa kilimo au chama cha wakulima cha parokia yako.

Katika vijiji vyetu, vijiti vya mihogo haviuzwi kwa jirani, hutolewa bure. Ni desturi njema, nayo imewalisha wengi waliorudi nyumbani bila kitu. Tusiiache. Lakini zawadi ya muhogo mgonjwa ni deni analolipa mpokeaji mwaka mzima. Kwa hiyo mama jirani akija kukuomba vijiti, chukua jembe kwanza, chimba, pasua mzizi mbele yake, mtazame wote wawili. Ukiwa mweupe, mkatie afunge mzigo wake.